Kwake Ni Mara ya Kwanza

Katika Idara ya Fasihi na Filamu palikuwa na mhadhiri ambaye wanafunzi walimwita Mkasi. Yeye mwenyewe alilijua jina hilo na halikumkera hata kidogo. Alifundisha uhariri wa filamu. Hakuwa mtu wa kufoka. Angeketi safu ya mwisho ya chumba cha maonyesho, kile chenye magodoro yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi, akitafuna karanga moja moja, na filamu ya mwanafunzi ikiisha angesema kwa sauti ya upole, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo, "Sijaona kitu." Kisha angenyanyuka na kwenda zake. Kuna waliohama idara kwa neno hilo tu.

Mwaka huo alikuwa akimsimamia mwanafunzi wa shahada ya pili aliyeitwa Kitinda. Nyumbani ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, na jina la nyumbani lilimfuata mpaka chuoni. Kitinda alikuwa ametokea upande wa fasihi. Alijua kuichambua riwaya mpaka ikabaki mifupa, na walimu wake wa zamani walimsifu sana. Huku kwenye filamu hakuna aliyemsifu. Mkasi aliwahi kumwambia mbele ya darasa zima kwamba anashika kamera kama mtu anayeandika insha, na darasa likacheka. Tangu siku hiyo Kitinda alikuwa na kiu moja tu: Mkasi aitazame kazi yake na aone kitu.

Filamu yake ya kuhitimu ilimhusu mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za shule maisha yake yote, na sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alikaa na binti yake mkubwa, ambaye Kitinda alimwita Dada. Dada alikuwa msusi. Ugonjwa ulipozidi alifunga saluni yake ya mjini, akahamishia kiti, kioo na mashine ya kukaushia nywele sebuleni, ili aweze kusuka huku jicho moja likiwa kwa mama.

Kati ya mabinti hao wawili alikuwapo mtoto wa kiume. Alikuwa fundi wa umeme, na mama mwenyewe ndiye aliyeanza kumwita Fundi, kwa kujivunia. Miaka miwili nyuma alikufa juu ya nguzo, akiunganisha waya ambao aliambiwa umezimwa. Mama alikuwapo mazishini. Lakini ugonjwa ulipokuja ulianza na hilo. Kila jioni, taa za mtaani zikiwaka, mama alinyanyua uso na kuuliza kama Fundi amerudi.

Mwanzoni walimwambia ukweli. Mama alianguka sakafuni, akararua gauni shingoni, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Alipoamka akauliza kama Fundi amerudi. Baada ya hapo Dada alipiga marufuku. Wateja wa nywele, majirani, mleta maji, kila aliyekanyaga nyumba ile alijua jibu: Fundi yuko kazini, kazi ni nyingi, amesema usimsubiri, ule. Na mama alicheka na kusema, "Huyo na nguzo zake," kisha akala.

Kitinda alipopeleka sehemu ya kwanza ya filamu, ilimwonyesha mama akikunja vitambaa, mama akitia uzi kwenye sindano bila miwani, mama akicheka na wateja wa Dada. Mkasi alitazama mpaka mwisho.

"Mikono," alisema. "Kila mwaka naletewa mikono ya wazee." Kisha akauliza ni kitu gani ambacho familia hiyo haitaki kionekane.

Kitinda, kwa kutaka tu mazungumzo yasiishie hapo, akamsimulia habari za Fundi. Mkasi aliacha kutafuna.

"Filamu yako iko hapo," alisema. "Nyumba nzima mnaigiza, na wewe umeniletea uzi na sindano."

"Unataka nimwambie mama?"

"Sijakuagiza kitu. Mimi ni msimamizi tu. Ninachosema ni kwamba filamu haina kitovu, na isiyo na kitovu haifaulu."

Chumbani mlikuwa na mtu wa tatu, mwalimu wa ushairi, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa pili, na alikuwa amekaa pembeni akisahihisha mitihani. Alinyanyua kichwa akamtazama Mkasi. Kitinda alisubiri aseme neno. Mwalimu wa ushairi alifungua kalamu nyekundu na kurudi kwenye mitihani yake.

Kitinda alichagua siku ambayo Dada alikwenda mjini kununua nywele za kusukia. Alimketisha mama kwenye kiti cha dirishani, akaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akambana mama maiki ndogo kwenye ukosi wa gauni. Mama aliitazama maiki na kuuliza ni kiroboto cha aina gani hicho. Wakacheka wote wawili. Kitinda alipiga moyo konde, akakaa mbele yake, nyuma ya kamera.

"Mama, Fundi hayuko kazini. Fundi alifariki."

Mama aliendelea kutabasamu, kama anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha tabasamu likamwisha taratibu.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, mama. Tulimzika wote."

"Mimi nimemzika mwanangu," mama alisema polepole, "halafu nikamsahau?"

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kelele. Alikuwa anajipiga kifuani kwa ngumi, kidogo kidogo, kama anayegonga mlango wa mtu aliyelala. Kitinda aliangalia kama picha imekaa sawa, akaona imekaa sawa, na mwili ukamsisimka kwa namna ambayo hakuipenda. Alisubiri kidogo. Kisha akazima kamera, akamkumbatia mama, akampikia chai. Dada aliporudi, mama alikuwa anapangusa macho na kushangaa kwa nini yanawasha. Kitinda akasema walikuwa wakimenya vitunguu.

Chuoni, Mkasi aliitazama picha ile akiwa amesimama. Kitinda hakuwahi kumwona akisimama.

"Hii sijawahi kuletewa na mwanafunzi," alisema. "Sauti iko wapi?"

Sauti haikuwepo. Kulikuwa na mkwaruzo tu, kama mafuta yanayochemka. Kitinda alikuwa amembana mama maiki na kusahau kuiwasha.

"Rudia," Mkasi alisema.

Kitinda alimwambia hawezi. Alijaribu kumweleza jinsi mama alivyokuwa, zile ngumi kifuani, lile swali la kumsahau mwanawe. Mkasi alimsikiliza kwa makini sana, mkono ukiwa shavuni.

"Hayo maneno ndiyo ninayotaka kuyasikia, na wewe umeyapoteza," alisema. "Unaogopa nini? Kwake si kurudia. Kwake ni mara ya kwanza. Anayerudia ni wewe peke yako."

Kitinda alirudia. Safari hii aliijaribu maiki kabla, na sauti iliingia vizuri, hata pumzi. Lakini mama hakulia kama mwanzo. Alisikia, akauliza lini, akaziba mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo. Kisha akainama mbele na kumnong'oneza Kitinda, "Usimwambie dada yako. Hataweza." Baada ya hapo akageukia ukutani, mwanga wa dirisha ukabaki kwenye sikio tu.

Kitinda alikaa na picha hizo kwenye kompyuta siku nzima. Alijaribu kuichukua sauti ya mara ya pili na kuivika picha ya mara ya kwanza, midomo ikakataa. Hakuna aliyekuwa ameiona picha ya mara ya pili bado. Mkasi alikuwa safarini. Angeweza kumpelekea hiyo iliyopo, na yumkini ingetosha.

Aliporudi nyumbani kwa mara ya tatu, hakutumwa na mtu. Alijichagulia siku, akamwomba Dada aende akapumzike kwa shoga yake, naye Dada akamshukuru mpaka machozi yakamlenga, kwa kuwa hakuwa ametoka nyumba ile kwa muda mrefu. Kitinda alimvika mama gauni la buluu kwa sababu buluu ilimkaa vizuri kwenye kamera. Alisogeza kiti, akafunga pazia pembeni kwa utepe ili mwanga uingie wa kutosha. Sasa alikuwa ameshaijua kazi. Alijua kwamba akitaja jina la Fundi halafu akanyamaza kidogo, uso wa mama hufunguka, na habari ikiukuta wazi hivyo haukimbilii ukutani. Alitaja jina. Akanyamaza. Mama akafungua uso.

Ile ndiyo iliyoingia kwenye filamu, ikiwa imeunganishwa na vipande vya zile mbili za mwanzo.

Baada ya siku hizo mama alianza kukikataa kiti cha dirishani. Ukimuuliza sababu hana. Kitinda akiingia na begi lake la kamera, mama alikunja mikono na kuibana katikati ya magoti. Dada aliliona hilo, akamuuliza mdogo wake kama amemfokea mama. Kitinda akajibu kwamba hajamfokea, na hilo lilikuwa kweli.

Filamu ilipokamilika, idara iliandaa onyesho la hadhara, kama ilivyo kwa kila anayehitimu. Kitinda hakuwaambia nyumbani. Lakini Mkasi alichukua namba ya Dada ofisini, akampigia mwenyewe. Alimweleza kwamba binti yao amefanya kazi kubwa, kwamba ni filamu kuhusu mama, na kwamba chuo kingependa kumheshimu mama huyo kwa kumketisha mbele. Dada aliwaahirisha wateja wake wote wa siku hiyo. Alimwosha mama nywele, akamsuka mistari midogo midogo, akamvika gauni zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Lilikuwa lile la buluu.

Ukumbi ulijaa. Kitinda alikuwa nyuma kabisa, kwenye meza ya projekta, na kidole tayari kwenye kitufe, alipomwona Mkasi anaingia amemshika mama mkono, Dada akifuata nyuma na pochi mbili. Aliwapeleka safu ya kwanza. Akamrekebishia mama kiti. Kisha akageuka, akamtafuta Kitinda kwa macho mpaka akampata, akamwinamishia kichwa kama mtu aliyetoa zawadi.

Kitinda aliitazama projekta. Angeweza kusema mashine imeharibika, na kila mtu angeamini kwa sababu huharibika kila mara. Alijiambia mama atasinzia, gizani huwa anasinzia upesi. Akajiambia Dada ataelewa akiiona yote. Mtahini aliyetoka chuo kingine alikuwa ameshafungua daftari lake. Taa zikazimwa. Kitinda akabonyeza.

Mwanzo watu walicheka, maana mama alikuwa mcheshi. Mama mwenyewe alicheka nao. Halafu likaja dirisha, na gauni la buluu, na sauti ya Kitinda ikitaja jina na kunyamaza. Kutoka nyuma Kitinda hakuiona sura ya Dada. Aliona mgongo wake tu, ukinyooka kidogo kidogo mpaka ukaachana na kiti.

Uso wa mama ulijaa ukutani kutoka dari hadi sakafu. Watu walianza kuvuta kamasi. Na katika ukimya ule, kutoka safu ya kwanza, ikasikika sauti ileile iliyokuwa inatoka kwenye spika, ila hii ilikuwa ya mtu aliye hai.

"Masikini. Yule mama kafiwa."

Dada akamnong'oneza kitu.

"Na huyo anayemwambia," mama aliendelea kwa sauti, "mbona hamshiki hata mkono?"

Kuna mtu alicheka kwa woga, akanyamazishwa. Mama alikuwa amesimama. Alisema waende wakampe pole yule mama, haifai kumwacha peke yake, na akaanza kutembea kuelekea ukutani huku akishikashika viti vya watu. Mwanga wa projekta ukamwangukia. Kwa muda akawa amesimama ndani ya uso wake mwenyewe, mkono ameunyoosha, akitafuta mahali pa kumgusa yule anayelia. Gauni la ukutani na gauni alilovaa yakawa rangi moja.

Mkasi alitoa simu, akaiinua, akaanza kurekodi.

Kisha mtu wa katikati akapiga makofi. Pengine alidhani ni sehemu ya onyesho, au machozi yalimzidi asijue la kufanya. Wengine wakamfuata, na ukumbi mzima ukasimama. Mama aligeuka, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia mwanga, akawatazama.

"Msibani?" aliuliza. "Mnapiga makofi msibani?"

Dada alimfuata, akamzungushia mkono mabegani, akamtoa kwa njia ya katikati. Hakukimbia wala hakulia. Walipofika kwenye meza ya projekta alisimama mbele ya mdogo wake. Sebule ile ilikuwa yake, na kila kitu chake alikijua.

"Pazia limefungwa utepe, halafu limeachwa, halafu limefungwa tena," alisema. "Ulimwambia mara ngapi?"

 Dada alisubiri jibu kwa uaminifu kabisa, kama anayesubiri chenji, na alipoona haliji akampeleka mama nje.

Saa hiyohiyo watahini waliingia chumba cha pili kumhoji Kitinda. Mtahini mgeni aliuliza swali moja la maana, kama mhusika alikubali kurekodiwa akiambiwa jambo lile. Kitinda alifungua mdomo, lakini Mkasi akamtangulia. Alizungumza kirefu juu ya ukweli na picha, juu ya uso wa binadamu, juu ya ujasiri wa msanii anayeanza kwa damu yake mwenyewe. Alizungumza vizuri mno. Mtahini mgeni akaandika, akaitikia kwa kichwa, akaandika tena. Mwalimu wa ushairi hakuuliza swali. Alitoa alama za juu kama wenzake, na walipokutana kwenye korido alimwambia Kitinda hongera huku anatafuta funguo ndani ya mkoba wake.

Kitinda alifaulu kuliko wote wa mwaka wake. Filamu ilizunguka matamasha, ikapata tuzo, na idara ikampa kazi ya mhadhiri msaidizi na meza katika chumba cha Mkasi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walionyeshwa kile kipande cha dirishani na kuambiwa wajifunze namna ya kusubiri.

Haukupita muda akasikia kwamba Mkasi amekwenda nchi ya mbali kutoa mada, na kitovu cha mada hiyo ni ile picha aliyorekodi kwa simu: mama ndani ya uso wake, na ukumbi unaopiga makofi. Wasomi wa huko walisema ni yenye nguvu kuliko filamu yenyewe. Aliporudi, Kitinda alimfuata. Alimwambia huyo ni mama yake, na kwamba angalau angemwomba ruhusa.

Mkasi alimsogezea kiti akae. Alimuuliza, kwa upole wake uleule, "Wewe uliomba ya nani?" Halafu akamkaribisha karanga.

Nyumbani, Dada hakumpokea simu kwa muda mrefu. Siku aliyopokea hakumkaripia. Alimwambia anaweza kuja kuona mama, maana damu ni damu, ila akae jikoni. Mama akimwona anatetemeka, na akitetemeka hali, na asipokula ni Dada anayekesha.

Kitinda alikwenda asubuhi, bila begi. Alipita mlango wa nyuma, akakaa kwenye kibao karibu na jiko. Dada alikuwa anamsuka mteja sebuleni. Alikuja jikoni kuchukua maji, na akiwa bado amempa mgongo akamweleza kwamba mama ameacha kuuliza habari za Fundi. Aliacha wiki ileile ya onyesho. Taa zikiwaka anaangalia mlango, kisha anaangalia miguu yake. Hali chakula vizuri. Hakuna anayelazimika kumdanganya tena, na Dada alisema angetoa chochote apate kumdanganya hata jioni moja.

Kutoka sebuleni mama akauliza ni nani yuko jikoni.

"Mgeni," Dada akajibu.

"Mgeni gani anakaa jikoni? Mwambie aje."

Dada alichukua maji yake, akarudi kwa mteja. Mama akaita tena, safari hii kwa sauti ya mwenye nyumba anayeona aibu kwa adabu za watoto wake. Kitinda akanyanyuka, akasimama mlangoni.

Mama alianza kutabasamu, kama alivyofanya kwa kila mgeni. Kisha mikono yake ikashuka yenyewe, ikajibana katikati ya magoti. Hakumjua ni nani. Alimgeukia Dada.

"Huyu ameleta habari gani?"

"Sina habari yoyote, mama," Kitinda alisema. "Nimekuja kukusalimia tu."

"Basi salimia uende."

Mteja aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mapajani. Dada akaendelea kusuka. Kitinda akamwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba bila kumtazama, na Kitinda akatoka kwa mlango wa mbele, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Mchana alikuwa na darasa la mwaka wa kwanza.